Sura ya Sita: Binamu Wawili wa Havana

Spring Valley ni mtaa wa kuta. Ukishuka Barabara ya Lower Kabete kutoka Westlands, ukaziacha pilikapilika za Sarit nyuma yako, nyumba zinajificha: ua wa kayaba, geti la chuma, waya wa umeme juu ya mawe. Mtu anaweza kuishi hapa miaka na mikaka asijue jirani yake ana sura gani. Atajua anasikiliza nini, basi, maana besi haizuiliki. Sauti nyembamba za saksafoni na za waimbaji hugonga ukuta zikarudi, au hupotelea kwenye majani. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu unaozidi mita 8. Kwa wimbi la namna hiyo kayaba si kitu. Kwa hiyo muziki wa majirani hutufikia ukiwa umechujwa. Wimbo hubaki kule ndani, uti wa mgongo wake ndio unaotoka.

Ndivyo nilivyogundua kwamba nyuma ya ukuta fulani kuna mtu anayempenda mpiga besi Jaco Pastorius kama ninavyompenda mimi. Hatujawahi kusalimiana. Lakini besi ya “Teen Town” huwezi kuifananisha na nyingine: inaruka, inageuka, inakimbia kama melodi ya tarumbeta iliyoteremshwa hadi chini ya sakafu, na ilipita juu ya kayaba yote nzima, bila kupungukiwa na noti. Wakati huo huo, kwenye geti langu, mlinzi alikuwa na redio yake, na redio hiyo, kama ilivyo desturi ya redio za mageti yote ya Nairobi baada ya saa mbili usiku, ilikuwa kwenye zilizopendwa. Wimbo ulikuwa “Sina Makosa” wa Les Wanyika. Spika ya redio ile ni ndogo kuliko kisosi cha chai. Haina uwezo wa kutoa mitetemo 41 kwa sekunde, wala hata maradufu yake. Na bado besi ya Tom Malanga wa bendi hiyo ilisikika wazi.

Hili lina maelezo. Noti yoyote ya uzi hubeba juu yake noti nyingine nyembamba, na spika ndogo ikiitupa noti ya chini ikabakiza zile za juu, sikio hujaza pengo lenyewe. Husikia kitu ambacho hakipo. Ila mpiga besi naye lazima asaidie. Lazima sauti yake iwe na mwili katikati, isiwe mngurumo mtupu. Jaco aliijua siri hiyo. Alipenda kupiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaza, akitegemea zaidi sumaku ya nyuma ya gitaa lake, na ndiyo maana besi yake inasema hata kwenye redio mbovu. Watu wengi wanaomsifu husifu kasi yake. Mimi nadhani kasi ndiyo kitu cha mwisho cha kusifiwa kwake, na kwamba sisi wa pande hizi, tuliolelewa na besi za Malanga na za bendi za Kongo, tuna sikio la kumwelewa vizuri kuliko tunavyojidhania. Sababu inapitia Havana.

Tuanze na mwenyewe. John Francis Pastorius alizaliwa tarehe 1 Desemba 1951 huko Norristown, Pennsylvania, akalelewa Fort Lauderdale, Florida, mji wa mifereji na mashua. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, na mtoto naye alianza na ngoma. Akiwa na umri wa miaka 13 aliumia kifundo cha mkono akicheza mpira wa Kimarekani, mkono ukawa haumudu tena vishindo vya drams, na nafasi ya besi ilipopatikana kwenye bendi aliyokuwamo, akaichukua. Ningependa msomaji alishike jambo hili hadi mwisho wa sura: mtu aliyebadilisha besi ya umeme duniani alikuwa mpiga ngoma aliyepokonywa ngoma zake.

Alijifunzia kazini. Mwaka 1972 alizunguka na Wayne Cochran na bendi yake ya C.C. Riders, bendi ya soul ya kupiga usiku baada ya usiku, ambako mpiga besi haombwi ubunifu. Anaombwa watu wacheze. Walimu wake wa mbali walikuwa James Jamerson wa Motown na Jerry Jemmott, wapigaji ambao majina yao wasikilizaji wengi hawakuyajua ingawa vidole vyao viliwainua kutoka kwenye viti.

Gitaa lake lilikuwa Fender Jazz Bass la mwaka 1962. Hapo hadithi zinaanza kuingiliana, kwa sababu Jaco alipenda kusimulia na hakupenda kurudia simulizi ile ile. Kwa mujibu wa masimulizi yake maarufu zaidi, aling'oa freti zote za shingoni kwa kisu cha kupakia siagi, akaziba nafasi zake kwa ute wa kuzibia mbao, kisha akapaka ubao wa shingo tabaka juu ya tabaka za gundi ngumu wanayopaka watengeneza mashua. Kisu cha siagi mwenye shaka anaweza kukiacha. Gundi ya mashua ndiyo yenye maana. Nyuzi zilizosokotwa kwa waya wa mviringo hutafuna mbao kama msasa; juu ya gundi ile hazikuwa na cha kutafuna, na ugumu wake ukaipa kila noti mwanga na urefu, ikawa inaimba na kujipinda kama sauti ya mtu. Fort Lauderdale kila fundi wa bandarini alikuwa na kopo la gundi hiyo. Aliyeona ni kifaa cha muziki alikuwa mmoja.

Shingo isiyo na freti si mchezo. Freti ni kipande cha chuma kinachomwambia mpigaji: hapa ndipo noti ilipo. Ukikiondoa, kidole kinabaki peke yake, na kosa la milimita chache linasikika na kila mwenye masikio. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hili. Udi hauna freti, na waliowahi kumsikia marehemu Zein l'Abdin akizipandisha na kuzishusha noti zake, akizitelezesha nusu ya njia na kuziacha hapo kidogo kabla ya kuzifikisha, wanajua ladha iliyomo katika ule upenyo kati ya noti moja na nyingine. Sikiliza “A Remark You Made”, kwenye albamu ya bendi ya Weather Report ya mwaka 1977, utasikia besi ikifanya kazi hiyo hiyo kwa utulivu wa mzee. Wapigaji wengi wa leo huondoa freti ili wapate ule mteremko wa kuvutia, kisha wanateremka kila mahali mpaka tumbo linachafuka. Jaco aliteremka kwa nadra. Kidole chake kilitua pale pale, na pale kilipotetemeka kilitetemeka kwa sababu.

Wakazi wengi wa Nairobi walioisikia besi isiyo na freti kwa mara ya kwanza, kwa kweli, hawakuisikia kwa Jaco. Waliisikia kwa Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye “Graceland” ya Paul Simon ya mwaka 1986, ile iliyopigwa kwenye matatu na kwenye harusi hadi kanda zikanyauka. Kipande chake kifupi cha besi ndani ya “You Can Call Me Al” kina ujanja wa studio: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa ichezwe kinyumenyume. Watu walicheza nacho bila kujali kilikwenda mbele au nyuma.

Mwaka 1976 ndio mwaka wa Jaco. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake tupu, ilitoka mwaka huo, ikisimamiwa na Bobby Colomby, mpiga drams wa Blood, Sweat & Tears. Mwaka huo huo alikuwa kwenye “Bright Size Life” ya Pat Metheny, kwenye “Hejira” ya Joni Mitchell, na kwenye “Black Market” ya Weather Report. Kujiunga kwake na Weather Report kulianza kwa majigambo. Alimfuata Joe Zawinul wa bendi hiyo mjini Miami baada ya onyesho, akajitambulisha kuwa ndiye mpiga besi bora kuliko wote duniani. Zawinul, mzaliwa wa Vienna asiyejua kubembeleza, alimfukuza. Jaco hakufukuzika. Alipotuma kanda, Zawinul alisikia besi iliyonona na kuimba kiasi kwamba alidhani ni ile kubwa ya kusimama, ya mbao, akauliza kama kijana huyu anapiga na ya umeme pia. Ilikuwa ya umeme tangu mwanzo.

Albamu ile ya kwanza ya Jaco inafunguliwa na “Donna Lee”, wimbo wa zama za bebop uliorekodiwa na Charlie Parker mwaka 1947, melodi iliyojaa kona ambayo wapiga saksafoni huitumia kupimana. Jaco aliipiga kwa besi. Hakuna piano, hakuna gitaa, hakuna drams. Kuna besi, na kuna tumba za Don Alias. Kila mwandishi anayeandika habari za Jaco husimama hapa kushangaa ile melodi: vipi nyuzi nene hivyo zinapita upesi hivyo? Sawa, na tushangae. Lakini sikio la Nairobi lina haki ya kuuliza swali jingine. Tumba zinatafuta nini hapo? Ni nani Marekani, mwaka 1976, aliyefungua albamu ya jazz kwa bebop juu ya tumba peke yake?

Jibu ni mtu aliyekulia upande wa pili wa mlango wa bahari kutoka Kuba. Fort Lauderdale iko jirani sana na Havana, usiku redio za Kuba zilivuka maji, na Miami ilijaa Wakuba. Katika muziki wa Kuba besi ina kazi ya pekee. Haitui kwenye pigo la kwanza pamoja na wengine wote kama askari anayekanyaga gwaride. Hutangulia, hupiga kabla ya pigo kufika, kisha pigo lenyewe linapofika hunyamaza na kuliacha wazi. Mwili wa mchezaji ndio unaolijaza pengo. Israel López, aliyeitwa Cachao, na kaka yake Orestes ndio waliousukuma mtindo huo mbele mwishoni mwa miaka ya 1930, na kutoka kwao ukazaa muziki wa mambo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 Enrique Jorrín akaleta cha-cha-chá. Geuza santuri ya Jaco upande wa pili uone majina. Kuna “(Used to Be a) Cha-Cha”, Herbie Hancock akiwa kwenye piano. Kuna “Okonkolé y Trompa”, na okónkolo ni ngoma ndogo kuliko zote katika familia ya ngoma za batá, ngoma za Wayoruba zilizovushwa hadi Kuba pamoja na watumwa na kubakia kwenye ibada zao. Katika kipande hicho besi inarudia mchoro mmoja, bila kuchoka wala kuchokesha, imefumwa ndani ya ngoma kiasi kwamba ni kazi kusema kidole kinaishia wapi na ngozi inaanzia wapi, huku pembe la Kifaransa likipita juu polepole. Hakuna kasi hapo. Kuna yule mtoto aliyepokonywa drams, amezirudisha kwa mlango wa nyuma. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kikubwa kuliko vyote alivyorekodi, na najua wapo watakaonicheka.

Sasa tuvuke upande wetu. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kutoa kwa ajili ya masoko ya nje mfululizo wa santuri ulioandikwa herufi GV, wingi wake muziki wa Kuba, na santuri hizo zikamiminika Afrika ya Magharibi na Kongo. Vijana wa Léopoldville waliposikia rumba hizo hawakusikia kitu kigeni. Walisikia ngoma zao wenyewe zikirudi nyumbani zimevaa suti. Wakaziigiza, kisha wakaacha kuigiza, na mwaka 1960 Grand Kallé na African Jazz walipotaka kuutangazia ulimwengu uhuru wa nchi yao, walichagua “Indépendance Cha Cha”. Rumba hiyo ilipanda mashariki kwa redio, kwa santuri na kwa miguu ya wanamuziki wenyewe. Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri, na mwenye gitaa asiye na mkataba alijua njia ya kuja.

Miongoni mwa waliokuja walikuwamo vijana wa Tanga. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka huko, wakapita Arusha, na mwaka 1971 wakafika Kenya, ambako bendi yao ikajulikana kama Simba Wanyika. Novemba 1978 bendi ilipasuka. Mpiga ridhim Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa, aliondoka na wenzake kadhaa, akiwamo mpiga besi Tom Malanga na mpiga drams Rashid Juma, wakaunda Les Wanyika. Walifanya mazoezi kwa miezi, wakaanza kuonekana Garden Square katikati ya mji, na kisha ikaja “Sina Makosa”, ambayo tangu hapo haijawahi kutoka hewani.

Isikilize tena, lakini safari hii mfuate Malanga peke yake. Waache waimbaji wateteane na malalamiko yao, liache gitaa la solo lipambe. Besi inazunguka kwenye mchoro mfupi. Inasema neno, inanyamaza, inamalizia sentensi. Ule unyamavu ndio wimbo. Ridhim ya Profesa inapita katikati ya mapengo aliyoachiwa, drams za Rashid Juma ziko nyepesi kama mtu anayetembea na kandambili, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ukijaribu kuuimba wimbo huu bafuni bila kufikiri, jichunguze: kuna uwezekano mkubwa utaanza na besi. Nimewaona wazee wazima wakiuimba hivyo, midomo imefumbwa, kichwa kinashuka pale ambapo noti haipo.

Huo ndio ubinamu ninaousema. Malanga hakumwiga Jaco, na hakuna sababu yoyote ya kufikiri Jaco alimjua Malanga. Lakini babu yao ni mmoja: ile besi ya Havana inayoliacha pigo la kwanza wazi. Mmoja alimpata babu kwa redio kutoka ng'ambo ya maji, mwingine alimpata kupitia Kongo. Na wote wawili walikataa kazi ambayo jazz na muziki wa dansi wa Kizungu uliipa besi, ile kazi ya kukaa nyuma ukihesabu.

Kwa Marekani kukataa huko kulikuwa mapinduzi, ndiyo sababu Jaco anaandikiwa vitabu. Kwetu hakukuwa mapinduzi, na ndiyo sababu Malanga haandikiwi. Katika benga ya kando ya Ziwa besi imekuwa mbele tangu mwanzo, inagombana na gitaa la solo hadharani. Wanaoufuatilia muziki huo huitafutia chimbuko kwenye nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo, ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigongesha kwenye ubao huku mikono ikipiga nyuzi: melodi na ngoma katika mwili mmoja. Msikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz, kisha rudi kwenye “Okonkolé y Trompa”. Wale wanaoshangaa kwamba besi inaweza kuwa ngoma na melodi kwa pamoja hawakuwahi kukaa karibu na mzee mwenye nyatiti.

Shahidi wangu mkubwa katika kesi hii anatoka Kameruni. Richard Bona alizaliwa mwaka 1967 katika kijiji cha Minta, akakua akijitengenezea ala zake mwenyewe. Alikuwa kijana mdogo huko Douala wakati Mfaransa mmoja mwenye klabu alipomtaka aunde bendi ya jazz, akamfungulia sanduku la santuri mamia kwa mamia ili ajifunze jazz ni kitu gani. Mle ndani alikuta albamu ya Jaco ya mwaka 1976. Bona amesimulia kwamba alidhani mashine imewekwa kwenye mwendo usio wake, santuri ya 33 inazungushwa kwa 45. Akakagua. Mwendo ulikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo akaliacha gitaa, akashika besi. Alipitia Ulaya, akafika New York mwaka 1995, na aliyemchukua katika miaka hiyo alikuwa Zawinul yule yule, kwenye albamu ya “My People” na katika bendi yake ya Zawinul Syndicate. Baadaye kwenye bendi hiyo besi ilishikwa na Linley Marthe, mwana wa Morisi. Mzee wa Vienna aliyemfukuza kijana wa Florida alimaliza maisha yake akitafuta wapiga besi wake Afrika na visiwa vyake.

Ninachokipenda kwa Bona ni kwamba hakubaki na mshangao wa siku ile ya kwanza. Angeweza. Ulimwengu umejaa wanaume waliosikia “Donna Lee” wakiwa na umri wa miaka 16 na mpaka leo wanaipiga, kila mwaka kwa kasi zaidi, hadi imekuwa mashindano ya kuchapa kwa mashine. Bona aliichukua teknolojia ya vidole vya Jaco akairudisha kijijini, akaimba kwa Kiduala juu yake, taratibu, sauti ikiwa nyembamba na tamu.

Nairobi ya leo ina wapiga besi hodari kiasi kwamba inastaajabisha. Wengi wamelelewa na kanisa. Jumapili asubuhi ibada mbili au tatu, Jumamosi harusi, siku za kazi usiku kwenye mabaa na vilabu vya Westlands, na katikati ya hayo masaa mengi ya simu mkononi wakifuatisha video za mabingwa wa Marekani noti kwa noti. Kuanzia mwaka 2014 na katika miaka iliyofuata, tamasha la jazz la Safaricom, lililoasisiwa na Bob Collymore, mkurugenzi aliyekuwa mpenzi wa saksafoni, lilileta majina makubwa mjini na mapato yake yakasaidia Ghetto Classics, mradi wa muziki wa watoto wa Korogocho. Masikio yalifunguka. Viwango vya vidole vikapanda. Bado nina lalamiko moja dhidi ya vijana wetu, na ninalisema kwa mapenzi: wanamjua Jaco kuliko wanavyomjua Malanga, na kwa hiyo hata Jaco hawamjui. Wamejifunza noti zake. Mapengo yake hawajajifunza, kwa kuwa video hazifundishi mapengo. Kijana anapewa nafasi ya kupiga solo, anaijaza hadi ukingoni, watu wanapiga makofi, na mpiga drams anatazama dari. Halafu bendi inarudi kwenye rumba, yule yule kijana, bila kufikiri, anapiga kama babu zake, akiacha nafasi mahali panapostahili, na ukumbi mzima unasimama kucheza. Anadhani alikuwa hodari kwenye ile solo.

Habari za mwisho wa Jaco ninazipitisha haraka, kwa sababu zimesimuliwa kupita kiasi na kwa hamu isiyo nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliacha Weather Report, akaunda bendi kubwa ya Word of Mouth, na madaktari wakamtambua kuwa na maradhi ya akili yanayompandisha mtu na kumshusha. Pombe na dawa za kulevya ziliongeza kuni. Alifikia kulala kwenye bustani za New York. Septemba 1987 alipigwa nje ya klabu ya usiku huko Wilton Manors, Florida, na meneja wa klabu hiyo, akapoteza fahamu, akafariki tarehe 21. Alikuwa na miaka 35. Mwaka uliofuata wasomaji wa jarida la DownBeat walimpigia kura akaingia kwenye orodha ya wakuu wa jazz wa nyakati zote. Wapo wanaopenda kusema kwamba wazimu ndio uliomfanya apige vile. Ni upuuzi. Kazi zake zilizo imara kuliko zote alizifanya akiwa mzima, ana familia, anaamka na kufanya mazoezi. Ugonjwa ulipoingia, kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa kile kile kilichomfanya awe mkubwa, yaani kujua pa kunyamaza.

Besi yenyewe, ile ya mwaka 1962 yenye gundi ya mashua, iliibwa New York mwaka 1986 akiwa ameiacha kidogo kwenye benchi la bustani. Miaka 20 baadaye ikajitokeza dukani katika mji huo huo, ikiwa imepasuka na kuungwa. Ukazuka mvutano juu ya nani mwenyewe, mpaka Robert Trujillo wa Metallica, bendi ya roki nzito, akatoa fedha na kuwezesha ipatikane tena kwa familia ya marehemu. Trujillo hapigi jazz. Amesema wazi kwamba kijana wa California aliyemsikia Jaco hakujali kama ile ilikuwa jazz au nini.

Santuri za Jaco bado zinapatikana mara moja moja Kenyatta Market, kwa Jimmy Rugami, ambako kuta za kibanda zimejengwa kwa santuri na bei hutegemea jinsi unavyoonyesha hamu, kwa hiyo jikaze uso. Ukibahatika kuipata ile ya mwaka 1976, usianze na upande wa kwanza kama kila mtu. Weka upande wa pili, sindano kwenye kipande cha pili. Na katika rundo la santuri ndogo, muulize kama ana “Sina Makosa”. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko santuri ndogo ya siku zile, ndivyo nyimbo nyingi za dansi zilivyokatwa mara mbili, nusu huku na nusu kule. Itakubidi uinuke ugeuze, na besi itakuwa inakusubiri pale pale ulipoiacha.